PROTONI INASIMAMA WAPI? Milimita chache zinazosumbua madaktari wa saratani

Kwenye posti iliyopita ya mionzi kuna anony mmoja aliacha maoni ambayo nimekaa nayo siku kadhaa. Anasema kwao wanachangishana ili mjomba wake apelekwe India kwa tiba ya protoni, maana wamesoma kwenye mtandao kwamba protoni inaua saratani tu na haigusi kitu kingine. Akauliza: ni kweli au ni biashara? Wengine mkamjibu kwa kejeli (tuache hizo jamani, mtu ana mgonjwa nyumbani). Mimi nikaona jibu la mistari miwili halitoshi, maana jibu lenyewe ni ndiyo, halafu hapana, halafu "inategemea mnajuaje imesimama wapi". Hilo la kusimama ndilo nataka tuliongee leo. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu, save ukurasa usome baadaye.

Nitahadharishe mapema: mimi si daktari. Nimemaliza form six, fizikia naipenda, na haya nimeyasoma kwa muda mrefu kwa sababu yananivutia. Daktari wa mgonjwa wenu anabaki kuwa daktari wa mgonjwa wenu.

Tuanze na mionzi tunayoijua. Mionzi mingi ya kutibu saratani duniani, pamoja na ile ya pale Ocean Road, Dar es Salaam, ni ya jamii ya eksirei na gama. Ni ndugu wa mwanga wa kawaida, ila una nguvu nyingi sana. Unaingia upande mmoja wa mwili, unapungua kidogo kidogo kadiri unavyokwenda ndani, na unaobaki unatokea upande wa pili. HAUSIMAMI. Kwa hiyo kilicho mbele ya uvimbe na kilicho nyuma yake vyote vinapata mgao. Madaktari wanalikabili hilo kwa kupiga kutoka pembe nyingi, ili miale ikutane kwenye uvimbe na kwingineko kila sehemu ipate kidogo. Inafanya kazi, na watu wengi wamepona hivyo, tusije tukaidharau.

Protoni si mwanga. Ni chembe, kile kiini cha atomi ya hidrojeni kikiwa kimevuliwa elektroni yake. Ina uzito na ina chaji. Mashine kubwa, saiklotroni au sinkrotroni, inaichukua na kuikimbiza mpaka inapita nusu ya kasi ya mwanga, halafu inaelekezwa kwa mgonjwa. Ikiingia mwilini inapita katikati ya mabilioni ya elektroni, kila moja inaivuta kidogo, na protoni inapoteza nishati yake njiani.

Sasa utamu uko hapa. Fikiria bodaboda anayepita mtaani kwenu kwa spidi. Hasalimii mtu, hana muda. Akianza kupunguza mwendo anapunga mkono, akipunguza zaidi anasimama kila baada ya hatua tatu kupiga stori, na pale anapozima pikipiki ndipo anamalizia hela zote za mfukoni. Protoni iko hivyo. Ikiwa na kasi inapita kando ya kila elektroni haraka mno na kuacha nishati kidogo. Ikichoka inakaa karibu na kila elektroni muda mrefu zaidi, inaacha nyingi, na kwa kuacha nyingi inazidi kuchoka. Mwisho wa safari nishati inamwagika kwa mkupuo ndani ya milimita chache, halafu basi. Mbele ya hapo hakuna kitu.

Mkupuo huo unaitwa kilele cha Bragg, kwa jina la William Bragg aliyeuona mwaka 1904 kule Adelaide, Australia, akichunguza chembe za alfa zinazotoka kwenye radiamu. Wazo la kuutumia kutibu watu lilikuja baadaye sana. Mwaka 1946 Mmarekani Robert Wilson, aliyekuwa ametoka Los Alamos kwenye mradi wa bomu la atomiki, aliandika makala akisema protoni zingefaa kwa tiba kwa sababu zinaweza kusimamishwa ndani ya uvimbe. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Berkeley, California, mwaka 1954. Kwa miaka mingi kazi ilifanyika kwenye maabara za fizikia, mgonjwa anapelekwa kwa wanafizikia kama mgeni, mpaka mwaka 1990 Loma Linda huko huko California walipofungua mashine iliyojengwa kwa ajili ya hospitali. Leo vituo vimepita 100 duniani.

Kina cha kusimama kinategemea nguvu unayoipa protoni. Wanafizikia hupima nguvu hiyo kwa MeV. Kwenye maji, protoni ya MeV 70 inasimama kwenye sentimita 4 hivi. Ya MeV 150 inafika karibu sentimita 16, ya MeV 200 inafika 26, ya MeV 230 inakaribia 33. Ukitaka kuujaza uvimbe mzima unatuma protoni za nguvu tofauti tofauti, tabaka la nyuma kwanza halafu unarudi mbele, kama mtu anayepaka rangi ukuta akianzia mbali.

Mpaka hapa anony wetu ana haki ya kufurahi. Mtoto mwenye uvimbe wa ubongo unaohitaji kupigwa mionzi kichwani na uti wote wa mgongo, ukimpiga kwa eksirei kutoka mgongoni, miale inapitiliza kwenye moyo, mapafu na utumbo wa mtoto ambaye ana miaka 60 au 70 ya kuishi mbele yake. Ukimpiga kwa protoni, zinaishia kwenye mfupa wa mgongo. Hiyo si biashara. Ni tofauti ya kweli, na ndiyo maana watoto wanatajwa kwanza kila mtu anapoongelea protoni.

Lakini nimesema "kwenye maji". Mtu si ndoo ya maji.

Hapa ndipo penye kazi. Eksirei ukikosea kidogo kukadiria mwili wa mgonjwa, tuseme kuna nusu sentimita ya nyama usiyoijua njiani, kipimo kinachofika kwenye uvimbe kinabadilika kwa asilimia chache tu. Protoni ukikosea hiyo hiyo nusu sentimita, kilele chote kinahama. Inaweza kusimama kabla ya kumaliza uvimbe, na kipande cha nyuma cha saratani kikakosa dozi, kikabaki hai. Au inaweza kupitiliza na kumwaga mkupuo wake wote kwenye kilichopo nyuma, na nyuma inaweza kuwa shina la ubongo, neva ya jicho au uti wa mgongo. Sifa ile ile ya kusimama ndiyo hatari yenyewe. Tena mwishoni mwa safari protoni huharibu seli kwa ukali zaidi kuliko mwanzoni, kwa hiyo ncha ya mwale si mahali pa kubahatisha.

Utauliza, kwani hawajui itasimama wapi? Si wana kompyuta? Wanazo, na hesabu ni nzuri. Tatizo ni kwamba hesabu inahitaji ramani ya mwili, na ramani inatoka kwenye kipimo cha CT. CT inatumia eksirei. Inakuambia kila sehemu ya mwili inazuia eksirei kiasi gani, wakati unachotaka kujua ni inazuia PROTONI kiasi gani. Ni vitu vinavyofanana ila si kimoja. Inabidi utumie jedwali la kubadilisha namba moja kwenda nyingine, kama kubadilisha shilingi kwa dola kwa bei iliyoandikwa ubaoni jana. Bei ni ya karibu, lakini si kamili, na ukiwa na mzigo mkubwa tofauti ndogo inakula hela nyingi. Mgonjwa akiwa na meno yaliyozibwa kwa madini au chuma kwenye mfupa, picha ya CT inajaa michirizi na ramani inaharibika zaidi.

Halafu kuna mgonjwa mwenyewe, ambaye habaki vile vile. Tiba haiishi siku moja. Saratani ya koo au shingo mara nyingi hupigwa mara 30 hadi 35, siku tano kwa wiki, yaani wiki sita au saba. Koo linauma, kula ni shida, mtu anapungua. Mashavu na shingo zikipungua, protoni zina nyama kidogo ya kupita, zinakwenda mbali kuliko ramani ya wiki ya kwanza inavyosema. Mwingine anapata mafua: tundu za puani zilizokuwa na hewa zinajaa kamasi, na protoni zinasimama mapema. Tumboni gesi inakuja na kuondoka. Uvimbe wenyewe ukisikia dawa unasinyaa. Na mapafu ndiyo balaa, kwa sababu yamejaa hewa: kosa la milimita 5 za nyama, protoni ikiingia kwenye pafu linakuwa karibu sentimita 2.

Wanafanyaje? Wanaongeza ukingo. Vituo vingi hupanga tiba wakichukulia kwamba kina kinaweza kuwa na kosa la kama asilimia 3.5, ukiongeza milimita 1 hadi 3. Piga hesabu: uvimbe ulio sentimita 20 ndani, asilimia 3.5 ni milimita 7, ongeza hizo nyingine unapata milimita 8 hadi 10. Sentimita nzima! Yaani una mashine inayoweza kumwaga nishati ndani ya milimita chache, halafu unalazimika kupiga mpaka sentimita moja ya nyama nzima ili uwe na uhakika saratani yote imepata. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Kuna hasara nyingine ambayo haisemwi sana, na kwangu ndiyo kubwa. Kwa kuwa hawaiamini ncha ya mwale, madaktari wanakwepa kuielekeza moja kwa moja kwenye kiungo nyeti. Chukua tezi dume, ambayo wazee wetu wengi wanaugua. Nyuma yake, imebanana kabisa, kuna utumbo mkubwa wa haja. Akili ya kawaida inasema piga kutoka mbele, tumboni, protoni zisimame kwenye tezi, utumbo ubaki salama. Hiyo si ndiyo sababu ya kununua mashine? Lakini ikipitiliza milimita chache tu, mkupuo wote uko kwenye utumbo. Kwa hiyo kwa miaka mingi desturi imekuwa kupiga kutoka pembeni, kupitia nyonga ya kulia na ya kushoto. Njia ni ndefu zaidi, mwale unatawanyika njiani na pembe zake zinakuwa na ukungu, ila angalau ncha haiangalii utumbo. Unalinda utumbo kwa pembe butu za mwale wakati ncha kali umeiacha bila kuitumia. Ni kama kununua kisu kikali halafu unakatia kwa mgongo wa kisu kwa kuogopa vidole.

Ndipo tunafika kwenye kichwa cha habari. Je, tunaweza KUONA protoni imesimama wapi ndani ya mtu, badala ya kukadiria?

Bila mgonjwa ni rahisi. Mashine inapimwa kwa tangi la maji au kwa vihisio vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, na kina kinakaguliwa mara kwa mara kabla wagonjwa hawajaanza kupangwa foleni. Hiyo inathibitisha kwamba mashine inatoa nguvu iliyoagizwa. Haikuambii chochote kuhusu kamasi za mgonjwa wa saa nne.

Ndani ya mtu kuna ugumu mmoja wa kipuuzi: eksirei inatokea upande wa pili, unaweza kuweka kihisio ukaipima. Protoni haitokei. Imesimama ndani, na hatutaki itokee. Inabidi utafute alama nyingine ambayo inaacha.

Alama ya kwanza ni gama za papo hapo. Protoni nyingine njiani hazigusi elektroni tu, zinagonga kiini cha atomi ya kaboni au oksijeni, na mwili wetu umejaa hizo mbili. Kiini kikigongwa kinatetemeka, halafu ndani ya muda usiofika sehemu ya bilioni moja ya sekunde kinatulia kwa kutoa mwale wa gama. Kaboni ina sauti yake, MeV 4.44. Oksijeni ina ya kwake, MeV 6.13. Gama hizi zina nguvu ya kutoka nje ya mwili. Na protoni inapokaribia kusimama inakosa nguvu ya kugonga viini, kwa hiyo gama zinapungua ghafla milimita chache kabla ya kilele. Ukiweza kuona gama zinaishia wapi, umejua protoni imesimama wapi, na umejua PALE PALE mgonjwa akiwa kitandani.

Watafiti wa Korea Kusini mwaka 2006 walionyesha kwa vipimo kwamba mwisho wa gama unaendana na mwisho wa protoni. Kwenye karatasi ni rahisi, kwenye chumba cha tiba ni kazi. Kamera za gama za hospitali zimetengenezwa kwa miale ya nguvu ndogo, kama MeV 0.14. Ya MeV 4 au 6 inapenya vizuizi vyake kama mbu kwenye wavu wa goli. Halafu muda ni mdogo: mashine za kisasa zinapiga nukta moja kwa milisekunde chache na kuhamia nyingine. Gama unazopata kwa nukta moja ni za kuokoteza, na katikati yake kuna nyutroni zinazopiga kelele.

Suluhisho moja ninalolipenda ni la kizamani. Mnakumbuka kamera ya boksi la kiatu lenye tundu, tuliyochora kwenye fizikia form one? Mwanga unaingia kwenye tundu na picha inatokea nyuma imegeuka. Kampuni ya IBA ya Ubelgiji ilitengeneza kamera ya namna hiyo hiyo, ila badala ya boksi la kiatu ni bamba zito la tungsteni lenye upenyo mwembamba uliochongwa kama makali ya kisu, na nyuma yake safu ya fuwele zinazomeka gama zikigonga. Inakaa ubavuni mwa mgonjwa, inatazama mwale kutoka pembeni, na inachora mstari wa gama kutoka ngozini mpaka zinapoishia. Mstari huo unalinganishwa na ule ambao kompyuta ilitabiri.

Mara ya kwanza kutumika kwa mgonjwa wakati wa tiba ilikuwa mwaka 2015 Dresden, Ujerumani, kwenye kituo cha OncoRay. Mgonjwa alikuwa na uvimbe wa kichwa na shingo. Walifuatilia kina kutoka siku hadi siku, wakakuta kinabadilika ndani ya milimita 2 kwenda mbele au kurudi nyuma, na CT iliyopigwa kwenye chumba hicho hicho ikakubaliana nao. Milimita 2! Linganisha na ukingo wa sentimita moja tuliouongelea. Mwaka 2017 wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wakachapisha matokeo ya kamera ya aina hiyo kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo, safari hii kwa mashine inayopiga nukta kwa nukta. Boston nao wanafuata njia nyingine, wanasikiliza "sauti" za kaboni na oksijeni kila moja peke yake, kwa hiyo wanapata kina na pia fununu ya nyama waliyopitia ni ya aina gani.

Alama ya pili inabaki kwa muda kidogo. Baadhi ya viini vilivyogongwa vinageuka kuwa oksijeni-15 na kaboni-11, ambazo zinatoa positroni na zinaonekana kwenye kipimo cha PET. Oksijeni-15 inapungua nusu kila baada ya dakika 2, kaboni-11 kila baada ya dakika 20. Wajerumani wa Darmstadt, maabara ya GSI, waliliweka hili kazini mapema. Kati ya 1997 na 2008 walitibu zaidi ya wagonjwa 400 kwa viini vya kaboni (binamu mzito wa protoni) huku kamera ya PET ikiwa imefungwa pale pale kwenye kitanda. Waliyoyaona yaliwasaidia kusahihisha lile jedwali lao la kubadilishia namba za CT. Na kamera hiyo ilitengenezwa na watafiti wa Rossendorf, nje kidogo ya Dresden, kwa hiyo si ajabu mji huo huo ulikuja kuwa wa kwanza kwenye gama.

Kasoro ya PET ni damu. Mwili hausubiri upige picha. Damu inapita, inabeba zile atomi na kuzipeleka kwingine, picha inafifia na kusogea. Ukimtoa mgonjwa chumba kimoja kumpeleka kingine, oksijeni-15 imeshaondoka. Boston walijaribu hivyo, wakapata usahihi wa milimita 1 hadi 2 kwenye mifupa ya kichwa ambako mambo yametulia, lakini kwenye nyama laini picha haikuwa ya kuaminika vile.

Alama ya tatu imenishangaza kuliko zote. Uboho mwekundu ndani ya mifupa ya mgongo ukipigwa mionzi unakufa na nafasi yake inachukuliwa na mafuta, na mafuta yanang'aa kwenye MRI. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa mgongo kwa protoni, baada ya miezi kadhaa ukimpiga MRI unaona mstari KATIKATI YA MFUPA: huku mafuta, huku uboho mzima. Ndipo protoni zilipoishia. Boston walichapisha hilo mwaka 2010, na kwenye mifupa ya kiuno wakakuta kwa wastani protoni zilikwenda karibu milimita 2 zaidi ya zilivyopangwa. Kwa mgonjwa huyo umechelewa, tiba imeshaisha. Ila kwa kukagua kama mahesabu yako ni ya kweli, mwili wenyewe umeandika jibu.

Kuna na wanaosikiliza kwa masikio kabisa. Protoni zikimwaga nishati, nyama inapata joto kidogo sana na kutanuka, na kutanuka huko kunatoa mlio. Wajapani walinasa mlio huo kwa mgonjwa wa saratani ya ini mwaka 1995. Unahitaji mashine inayopiga kwa mikupuo, na gesi au mfupa ukiwa njiani sauti inapotea, kwa hiyo haijafika mbali.

Wengine wanaona heri kuirekebisha ramani tangu mwanzo: CT inayopiga kwa eksirei za nguvu mbili tofauti, ambayo inapunguza makosa ya jedwali, au kuchora mwili kwa protoni zenyewe, zikipewa nguvu ya kutosha kutokea upande wa pili. Hilo la mwisho si jipya. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ndiye aliyeanza kufikiria hesabu za CT mwaka 1956 akiwa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, na alipata Nobel mwaka 1979 pamoja na Hounsfield wa Uingereza. Kwenye makala yake ya 1963 alitaja kwamba hesabu zile zingefaa kwa protoni pia. Dunia ikachukua eksirei. Na Afrika Kusini haikuishia kwenye hesabu: nje ya Cape Town, kwenye maabara ya iThemba, walianza kutibu wagonjwa kwa protoni mwaka 1993, huduma ambayo baadaye ilisitishwa.

Sasa anony, nirudi kwako na mjomba. Kituo cha protoni cha Apollo kilichopo Chennai kilifunguliwa mwaka 2019, na protoni kule ni za kweli kama za Marekani. Lakini ule usemi wa "haigusi kingine" ufute kichwani. Protoni inagusa njia nzima kutoka ngozini, na inagusa ule ukingo wa usalama nyuma ya uvimbe. Kamera za gama bado hazijawa kifaa cha kila hospitali, nyingi ziko kwenye utafiti. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, popote mtakapoandikiwa, ulizeni kwa adabu tu: uvimbe wake uko karibu na kiungo gani, na mwale utaelekea upande gani? Ukingo wa kina mmeweka milimita ngapi? Akipungua uzito mtarudia CT baada ya wiki ngapi, na kurudia huko kumo ndani ya bei au tutalipa tena? Daktari mzuri hatakasirika, hayo ndiyo anayoyawaza kila siku. Na muulizeni wa hapa nyumbani kama eksirei za kisasa zingetosha, maana kwa uvimbe mwingine zinatosha.

Kwa mfano tezi dume hiyo hiyo. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani lenye wanaume 450, nusu kwa protoni, nusu kwa eksirei za kisasa. Miaka miwili baadaye hali ya utumbo haikuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Kuna wanaosema basi, protoni kwa tezi dume ni hela ya bure. Mimi naona swali halijaisha. Kama ncha kali ya mwale haielekezwi kule inakoweza kusaidia, tumelinganisha eksirei na nusu ya protoni. Dresden wenyewe baada ya ule uvimbe wa kichwa na shingo walihamishia kamera yao kwa wagonjwa wa tezi dume, na kwenye matokeo waliyochapisha 2023 walikuwa wanaangalia kama kamera inaweza kugundua, katikati ya tiba, kwamba ndani ya nyonga kuna kitu kimesogea. Siku daktari atakapoweza kuona hilo na kuzima mwale kabla ya nukta inayofuata, kupiga kutoka mbele kutaacha kuwa kamari.

Maswali tupieni hapo chini. Anony, tupe habari za mjomba. Matusi nitayafuta.